Gredi Mbili za Figo Moja

Ripoti ya Kitale ilisema gredi ya pili. Ripoti ya Bungoma ilisema gredi ya nne. Mtoto ni mmoja, figo ni ileile ya kushoto, na kati ya picha za kwanza na picha za pili zilipita wiki saba tu. Nililaza karatasi zote mbili mezani pa daktari wa upasuaji, pale kliniki ya Bungoma, nikamwomba achague moja.

"Mimi sichagui," akasema bila kuinua kichwa. "Ikiwa ni ya pili, binti yako anaendelea na dawa yake ya kila jioni, tunamngoja akue. Wengi hupona wenyewe. Ikiwa ni ya nne, na homa zinarudi akiwa kwenye dawa, nampasua kabla figo haijaharibika. Hizo ni njia mbili tofauti kabisa. Walioandika ripoti hizi wakubaliane, halafu urudi. Mimi huja hapa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi."

"Wakubaliane vipi, daktari? Mmoja yuko Kitale, mwingine yuko hapa hapa. Hata hawajuani."

"Basi wajuane," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

Nikatoka na bahasha mbili kubwa kwapani. Kazi yangu ni kupokea maziwa kwenye kituo cha ushirika nje kidogo ya mji wa Bungoma. Kila asubuhi natumbukiza kipima-maziwa kwenye madebe ya watu na kusoma namba. Mkulima akibisha, namwita mwenzangu asome pia, na katika miaka minane hatujapishana zaidi ya alama moja. Mimi niliishia kidato cha nne. Hawa wawili walisoma miaka mingi baada ya kidato cha nne, na katika gredi tano wamepishana mbili.

Ugonjwa wenyewe nimeueleza kwa majirani na walimu hadi ulimi umechoka. Mkojo hutoka kwenye figo, ukashuka kwa mrija hadi kwenye kibofu, na ukishafika hapo haupaswi kupanda tena. Wa binti yangu Nelima hupanda. Ukipanda hubeba vijidudu, figo hupata kovu, na kovu la figo halitoki. Wakitaka kujua hupanda kiasi gani, madaktari hujaza kibofu dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakapiga picha. Gredi ya kwanza ni kidogo tu. Gredi ya tano, mrija umevimba na kujipinda kama utumbo wa kuku.

"Gredi ni namba tu, mzee," karani mmoja aliwahi kuniambia. Mke wangu, Nakhumicha, alifariki Machi mwaka jana kwa figo, zote mbili, akiwa na miaka thelathini na moja. Walipompima mwishoni walisema zilianza kunyauka tangu utotoni, kwa homa ambazo kwao Kachibora zilikuwa zikiitwa malaria mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyewahi kumpiga hata picha moja. Aliniachia Nelima, wakati huo ana miaka minne, na miezi mitatu baada ya mazishi Nelima akaanza homa zilezile.

Jina Nelima ni la bibi yake, mama yake Nakhumicha, aliyekufa mwaka mmoja kabla mtoto hajazaliwa. Kwetu Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi meza moja, na kuonana bila nguo ni jambo lisilosemeka. Nakhumicha aliligeuza hilo kuwa mzaha wa nyumba. Akiwa anamwogesha mtoto, nami nitokee mlangoni, alipiga kelele: "We Wabwile! Huna haya? Huyo ni mama mkwe wako!" Nilifunika macho nikakimbia nje, na mtoto alicheka hadi akapaliwa na maji. Tangu mama yake aondoke, jirani yetu Phelista ndiye humwogesha. Mimi hupika, humchana nywele, humpeleka shule.

Picha za kwanza zilipigwa kwenye kituo kimoja cha picha mjini Kitale, kwa sababu mashine ya Bungoma ilikuwa imekufa wakati huo. Agneta, dada yake Nakhumicha, ni mwalimu Kachibora. Yeye ndiye aliyetupangia siku, lakini siku yenyewe darasa lake lilikuwa na mtihani. Nikaingia na Nelima mimi mwenyewe. Mpiga picha, anaitwa Matthew, alisema mzazi asimame upande wa kichwa na kumshika mtoto mkono. Wakamwekea mpira mwembamba, wakajaza dawa, wakapiga picha mbili tatu.

"Sasa kojoa, malkia," Matthew akamwambia. "Hapo hapo juu ya meza. Leo imeruhusiwa."

Nelima hakukojoa. Wakafungua bomba la maji limwagike, wakammwagia maji ya vuguvugu miguuni. Dakika ishirini zikapita. Nje kulikuwa na watu kumi na mmoja kwenye benchi, na mmoja wao alianza kugonga mlango. Matthew akasema sawa, picha tulizo nazo zinatosha. Baada ya siku tatu ripoti ikatoka, imesainiwa na Daktari Kipkirui: mkojo unapanda hadi kwenye figo ya kushoto, mrija haujapanuka. Gredi ya pili.

Homa ikarudi mara mbili akiwa kwenye dawa. Kliniki ya Bungoma ikaagiza picha mpya, kwani mashine yao ilikuwa imefufuka. Siku hiyo Agneta alikuwa amekuja kututembelea, akaingia na mtoto, mimi nikatumwa kutafuta faili iliyopotea. Nilipoipata faili walikuwa wameshamaliza. Daktari Nyaruai akasaini: gredi ya nne.

Basi nikaanza kwa Daktari Nyaruai, kwa kuwa yeye alikuwa karibu. Ni mwanamke wa makamo, anaongea haraka, ana skrini mbili mbele yake. Nikampa ripoti ya Kitale.

"Gredi ya pili?" akasema. "Nani huyu?"

"Daktari Kipkirui."

"Aa. Hao wa zamani husoma urefu. Wanaangalia dawa imepanda hadi wapi, basi. Mimi nasoma upana: mrija umetanuka kiasi gani, hivi vikombe vilivyo ndani ya figo bado vina ncha au vimebonyea. Mwambie asome upana."

"Nimwambie mimi?"

"Si ndiye unayekwenda huko?"

"Daktari, picha zake ninazo hapa. Zitazame tu, dakika moja."

Akainua mikono kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. "Hapana. Sisomi picha zilizosomwa na mwenzangu kabla yeye mwenyewe hajaniomba. Ni adabu ya kazi."

Siku iliyofuata nilimwachia mwenzangu zamu ya maziwa, nikaenda Kitale. Daktari Kipkirui ni mzee mrefu, miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Alisoma ripoti ya Bungoma mara mbili, akacheka kwa pua.

"Huyu ni wa kompyuta," akasema. "Hawa huvuta picha, wakaikuza, mrija mdogo ukawa mto Nzoia. Gredi haisomwi kwa kukuza, bwana. Mimi nilianza kusoma picha hizi yeye akiwa nasari. Mwambie arudishe picha kwenye saizi yake, atapata mbili."

"Yeye anasema wewe usome upana."

"Amesema?"

"Ndiyo. Na picha zake ninazo. Ukizitazama tu..."

"Zangu nimeshazisoma. Zake azisome yeye." Akanirudishia bahasha bila kuifungua. "Mimi siwezi kwenda kulima shamba la mtu kwa sababu ameshindwa kupanda mistari. Mwambie nilivyosema."

"Daktari, mimi si posta."

"Unasema?"

"Nasema nitamwambia."

Nilimwambia kwa simu. Daktari Nyaruai alijibu kwamba kukuza picha ndiyo faida ya kuwa na macho. Nikampelekea Daktari Kipkirui ujumbe huo kwa maneno laini kidogo. Akanijibu kwa ujumbe mfupi: GREDI 2. SIBADILISHI. Kwa herufi kubwa hivyo. Wiki mbili zikaisha. Nelima akapata homa nyingine, akakaa siku nne hajaenda shule, analala kochini na kitambaa chenye maji kwenye paji la uso, akiniuliza kwa nini kila siku naongea na simu kwa hasira.

Jumamosi nikampeleka Kachibora kwa Agneta apate hewa. Nilipomaliza kumweleza shemeji mambo yote, nilikuwa nimesimama katikati ya jiko lake, naonyesha kwa mikono.

"Keti, shemeji," akasema. "Utavunja masufuria yangu. Nieleze tena. Nani kati yao ameona picha za mwenzake?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Wanasema ni adabu."

Agneta akaweka mwiko chini. "Kwa hiyo wanabishana kuhusu nini? Kila mtu ana karatasi yake. Hiyo ni sawa na mimi nimempa Kiprono wa darasa langu alama sita, mwalimu wa Suam amempa mtoto wake kumi na nne, halafu tunatukanana nani hajui kusahihisha."

"Lakini ni mtoto mmoja."

"Ni mtoto mmoja, karatasi mbili."

Agneta amesahihisha insha za mtihani wa taifa miaka tisa. Akanieleza wanavyofanya. Karatasi haina jina la mtoto wala la shule, ina namba tu. Ukishaisahihisha, kiongozi wa meza anaweza kuichukua, akafunika alama zako, akampa msahihishaji mwingine. Mkipishana sana, mnaketi chini nyote wawili na kiongozi, hakuna anayenyanyuka hadi ijulikane kwa nini. Hakuna cha adabu. Mzee mwenye miaka thelathini kazini na binti wa jana wanafunikwa sawasawa.

"Hao madaktari wako wanasoma jina kwanza," akasema, "ndipo wasome picha."

Jioni hiyo hiyo tulitandaza picha kwenye meza ya kulia. Zilikuwa sita zilizofaa: tatu za Kitale, tatu za Bungoma. Agneta alikata plasta ya vidonda vipande vipande akafunika jina, tarehe na jina la mahali kila picha ilipopigwa. Akazichanganya, akaandika herufi A hadi F juu ya plasta, na ufunguo wa herufi akauandika kwenye daftari lake ambalo hata mimi hakunionyesha.

"Watakubali?" nikauliza.

"Kwani tunaomba ruhusa? Tunaomba wasome."

Nelima alipita akatazama. "Hiyo ni mimi ndani?"

"Ni wewe," Agneta akasema. "Wewe ni mzuri hadi ndani."

Jumatatu Daktari Nyaruai alituambia hana muda, kisha akatoa miwani. Agneta alimwambia kwa sauti ile ya mwalimu, ya chini, isiyoacha nafasi: "Daktari, hizi hazina mwenyewe. Hakuna mwenzako utakayemkosea. Tupe namba sita tu."

Alizisoma kwenye ubao wa taa uliokuwa na vumbi, akilalamika kwamba hakuna mtu anayesoma filamu ukutani siku hizi. A, mbili. B, nne. C, mbili. D, mbili. E, nne. F, mbili. Agneta akaandika, akafunga daftari, akashukuru. Nilitaka kuuliza zipi ni za wapi, akanikanyaga mguu.

Jumanne tukawa Kitale. Daktari Kipkirui alimtazama Agneta juu ya miwani.

"Mnanipima mimi?"

"Ndiyo, daktari," Agneta akasema. "Hata mimi hupimwa kila Novemba. Mwaka wa kwanza nililia. Siku hizi naona kawaida."

Nilifikiri angetufukuza. Akasimamisha picha A kwenye ubao wa taa, akasukuma miwani juu ya pua.

"Mbili."

B ilimchukua muda. Alisogea, akarudi nyuma, akaweka rula. "Hii ni tatu na nusu."

"Hakuna nusu."

"Mwalimu, mimi nakuambia ninachoona."

"Nami nakuambia karatasi ina nafasi ya namba moja."

"Basi nne! Andika nne. Lakini ni nne ya chini."

C, mbili. D, mbili, karibu moja. E, nne, na safari hii hakubisha. F, mbili. Agneta akafungua daftari akamwonyesha safu ya jana pembeni ya safu ya leo. Namba sita, na zote sita zilikuwa sawa.

Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia. "Sasa mlikuwa mnabishana nini wiki zote hizi? Urefu, upana, kukuza, nasari! Mnasoma sawa! Mtoto wangu amelala na homa kwa sababu yenu, kumbe mnasoma sawa!"

"Shemeji," Agneta akasema.

Daktari Kipkirui hakunisikia. Alikuwa ameshika B na E, moja kila mkono, anazitazama kwa pamoja. "Hizi mbili ni za Bungoma?"

"Ndiyo. Na A pia ni ya Bungoma."

"A ni ya Bungoma, na ni mbili?" Akazirudisha zote ukutani. "Hapa kwenye A dawa inaingia bado. Hapa kwenye B na E mtoto anakojoa. Mnaona? Shingo ya kibofu imefunguka, dawa inatoka chini. Akikojoa kibofu hukaza, mkojo ukasukumwa juu kwa nguvu, mrija ukatanuka. Asipokojoa huoni hayo." Akageukia picha zilizobaki. "Yangu ya kukojoa iko wapi?"

Akabandua plasta moja baada ya nyingine. C, D, F. Za Kitale zote tatu dawa ilikuwa inaingia. Hakukuwa na ya nne. Akaufungua mlango akaita kwa sauti iliyofanya benchi lote la wagonjwa linyamaze. Matthew akaja akifuta mikono.

"Huyu namkumbuka," akasema alipoona jina. "Alikataa kukojoa. Tulijaribu kila kitu, daktari."

"Uliandika kwamba hakukojoa?"

Matthew akatazama chini. "Siku hiyo kulikuwa na foleni."

"Hukuandika. Na mimi sikuuliza." Daktari Kipkirui akavua miwani. "Nimetoa gredi ya mtoto ambaye hakukojoa."

"Lakini watoto wengine hukojoa," nikasema, maana hasira yangu ilikuwa bado inatafuta mahali pa kukaa. "Ninyi mlimtisha tu."

"Hatukumtisha, mzee," Matthew akasema. "Hakuwa na hofu nasi. Kila nikimwambia kojoa alikuwa anakutazama wewe. Mimi nikasema labda anangoja baba amwambie."

Agneta aligeuka polepole. "Wabwile. Kumbe uliingia naye wewe?"

"Si walisema mzazi aingie. Wewe ulikuwa na mtihani."

"Na akojoe mbele ya mkwe wake?"

Nilimwona tena Nelima juu ya ile meza, mkono wake ndani ya mkono wangu, amebana magoti na kukaza macho usoni kwangu, akiningoja nifunike uso na kukimbia nje. Ndivyo alivyofundishwa. Baba akitokea na huna nguo, baba hukimbia. Mimi sikukimbia. Nilisimama pale dakika ishirini nikimwambia "jikaze, mama," neno ambalo pengine lilimfanya abane zaidi.

Wiki zote hizo nilikuwa nimewakasirikia waliosoma. Sikuwahi kujiuliza nani alisimama mbele ya kilichosomwa.

Agneta alimweleza daktari mambo ya jina na ya mama mkwe, kwa maneno machache. Nilitazamia acheke. Hakucheka.

"Kwetu pia mkwe ni mkwe," akasema. "Ningekuuliza siku ile kabla hujaingia, ungeniambia?"

"Ningesema ni mzaha tu wa mke wangu."

"Kwa mtoto hakuna mzaha." Akachukua karatasi, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: picha za awali hazikukamilika, mtoto hakukojoa, hazifai kupewa gredi, nimezisoma picha za Bungoma na ninakubaliana na gredi ya nne. Akasaini. Kisha akampigia simu Daktari Nyaruai mbele yetu, wakasalimiana kwa adabu kubwa, na baada ya dakika mbili walikuwa wanabishana kuhusu picha B, kama ni nne kamili au nne ya chini. Tuliondoka wakiwa bado hawajamaliza.

Jumatano ya kwanza ya mwezi, daktari wa upasuaji alisoma ile karatasi ya mkono, akaitazama B na E yeye mwenyewe, akasema, "Basi hapo mmeniambia kitu." Akaandika siku. Wiki mbili baadaye Nelima aliingia thieta akiwa ameshikwa mkono na Agneta, mimi nikafuata nyuma hatua tano, mahali ambapo alikuwa ameniambia nikae. Upasuaji ulichukua saa tatu. Nilihesabu vigae vya korido nikapoteza hesabu mara nyingi, na kila mlango ulipofunguliwa nilimkumbuka Nakhumicha alivyokuwa akisema amechoka, amechoka tu, atalala kidogo.

Daktari alitoka akishusha barakoa. "Ilikuwa nne, na si ya chini," akasema. "Tumeuhamisha mrija, tumeupandikiza upya. Figo ina kovu moja upande wa juu. Iliyobaki ni nzima na inafanya kazi. Ungengojea mwaka mmoja akue, ningekuwa naongea nawe mambo mengine."

Agneta ndiye aliyesema asante, kisha akaenda kugombana na muuguzi kuhusu mtoto ataruhusiwa kunywa uji saa ngapi.

Siku ya tatu wodini simu yangu ikalia. Ilikuwa ni Daktari Kipkirui. Hakuniuliza hali ya mtoto kwanza, jambo ambalo lilinikera, ingawa baadaye aliuliza.

"Nimepitia picha za mwaka mzima," akasema. "Mimi na Matthew. Kuna watoto saba ambao hawakukojoa, nami niliwaandikia gredi. Saba."

"Saba?"

"Sita tumewapata, wanarudi wapigwe upya. Wa saba kwao ni Kapsokwony, na simu ya mama yake haiingii tangu juzi. Si uliniambia wewe ni mtu wa maziwa? Huna mtu huko juu?"

Ninaye. Cheruiyot hushusha maziwa ya Kapsokwony kwetu kila siku, na hakuna boma huko asilolijua. Nilimpigia, naye akaulizia, na kesho yake akanitumia namba mpya ya huyo mama. Nikampelekea daktari. Jioni daktari akanirudia: amepiga mara nne, mama anakata akisikia sauti ya mzee asiyemjua. Nijaribu mimi, nimwombe tu apokee.

Nilitoka wodini hadi kwenye korido, nikapiga.

"Halo, Mama Jepkorir?"

"Nani?"

"Naitwa Wabwile, niko Bungoma hospitali na mtoto wangu. Hunijui. Usikate. Ile siku mlienda Kitale kupiga picha ya figo, mtoto alikojoa?"

"Ati nini?"

"Juu ya ile meza. Alikojoa?"

"Wewe ni mwendawazimu bana! Mnaanza asubuhi mzee mmoja, jioni mwingine. Kama ni utapeli, tafuteni wenye pesa." Akakata.

Nikapiga tena. Akakata. Nikapiga mara ya tatu, ikalia hadi mwisho. Muuguzi akanipita akaniambia korido si kibanda cha simu. Nikapiga mara ya nne. Safari hii alipokea, na nikasikia ndoo ikiwekwa chini.

"Mama Jepkorir," nikasema, "wangu pia alikataa."

Akavuta pumzi. "Hakukojoa," akasema. "Alibana tu, akalia. Wakatuambia imetosha, twende. Kwani kuna nini?"